Anayejua njia hajakimbia na mikono mitupu

Kuna shindano la magari ambalo watu wa Kasongo na Kabambare wangelielewa haraka kuliko watu wengi wa Ulaya. Linaitwa Safari Rally, na nyumbani kwake ni Kenya. Magari hayazunguki kwenye uwanja wa lami. Lilipoanza mwaka 1953, madereva walipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara zile zile za watu wote: vumbi, mawe, mito, ng'ombe katikati ya njia, basi linakuja mbele. Kwa miaka mingi lilifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeanza.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kila gari lilipewa muda wa kufika kwenye kituo. Likichelewa, linaandikiwa adhabu. Mwenye adhabu kidogo ndiye mshindi. Ndani ya gari wanakaa wawili: mmoja anashika usukani, mwingine anasoma daftari la njia na kumwambia mwenzake kitu kilicho mbele, kona kali, daraja, shimo. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 ilikuwa vilevile, 7 tu. Magari yenye injini kali yalibaki kwenye tope.

Mmoja wa watu walioshinda Safari mara nyingi alikuwa mkimbizi. Jina lake Shekhar Mehta, mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda kwa siku 90. Mehta na jamaa yake wakahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Alimaliza sawasawa na Harry Källström wa Sweden, adhabu kwa adhabu. Ikabidi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kuandikiwa adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Akarudia ushindi mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla.

Tusidanganyane: Mehta hakulala chini ya shiti. Jamaa yake ilikuwa na mali, na kampuni kubwa ya magari ilikuwa nyuma yake. Mama aliyefika Kasongo na watoto wanne na sufuria moja hawezi kuambiwa ajilinganishe naye. Lakini kuna kitu kimoja wanachofanana. Mwaka 1971, kabla ya kufukuzwa, Mehta alikuwa amemaliza Safari akiwa wa pili. Amin aliweza kumtoa Kampala. Hakuweza kumtoa zile njia kichwani.

Hapa ndipo habari hii inagusa kusini mwa Maniema. Kati ya wahami wa vita waliotoka Salamabila na vijiji vya Kabambare, wamo motari, wasukuma kinga na madereva wa kamyo. Motari wa upande ule anajua ni upande gani wa shimo wenye ardhi ngumu. Anajua mti gani wa daraja umeoza. Anajua mto unaoweza kujaa jioni hata kama hapa hakukunyesha, kwa sababu mvua ilinyesha kule juu. Anajua mahali pa kumwambia mama mjamzito, «Mama, shuka kidogo, tuvuke kwa miguu.» Hilo ni daftari zima la njia, ila halijaandikwa.

Akifika Kasongo, anahesabiwa. Orodha inataka jina, idadi ya watoto, kijiji alichotoka. Ni vizuri, maana bila orodha hakuna maharagwe wala shiti. Lakini orodha haina mahali pa kuandika kitu anachojua. Hivyo mtu aliyebeba barabara nzima kichwani anaitwa mtu wa mikono mitupu, na baada ya miezi michache yeye mwenyewe anaanza kuamini.

Safari ya siku hizi inafundisha jambo. Ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021, na sasa inakimbiwa upande wa Naivasha, barabara zikiwa zimefungwa kwa watu wengine. Madereva wanaokuja ni wakali kuliko wote duniani. Hata hivyo, kabla ya shindano wanapewa siku za kupita njia polepole na kuandika daftari lao. Bingwa wa dunia haruhusu kiburi chake kimpeleke kwenye njia ambayo hajaisoma.

Sasa, kamyo ya chakula ikitumwa Kabambare bila kumuuliza mtu aliyetoka huko, nani atashangaa ikilala kwenye tope siku tatu? Na salongo ikiitishwa kuziba mashimo, kwa nini waanze na shimo lililo karibu na mji, wakati lile linalokata njia kabisa liko mbele zaidi, na kuna kijana katika jamaa ya kupokea, pale mtaani, anayelijua kama kiganja chake?

Kumuuliza hakuna gharama. Chifu wa mtaa anaweza kufanya hivyo, shirika linaloandikisha wahami pia, hata baba mwenye nyumba aliyewapokea. Swali ni moja: ndugu, njia ya kwenu ikoje, na inakatika wapi? Jibu litasaidia kamyo ipite. Litasaidia mgonjwa afike hospitali. Na siku usalama utakaporudi, ndiyo hiyo hiyo njia watakayopitia kurudi kwao.