Kabla ya ngao, tulipe deni

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimepigwa disko. Hapana jamani, bado nipo, teh teh! Ni majukumu tu. UE inakaribia, madesa yamerundikana mpaka chini ya kitanda, na juu ya hayo wenzangu wakaniweka kwenye kamati ya sherehe ya kuagana ya mwaka wa tatu. Leo nataka niwasimulie jambo lililotokea kwenye hiyo kamati, maana limenifanya niwaze sana juu ya hii kazi ya kuwatunuku watu wema.

Hapa kwetu kuna desturi nzuri. Kila mwaka wanaoondoka wanachagua mtu mmoja wa maeneo haya, asiwe mhadhiri wala mwanafunzi, wanampa ngao na cheti kwa wema wake. Kuna mwaka alipewa mlinzi wa geti la nyuma, mwaka mwingine mzee wa bustani. Mwaka huu jina lilipita bila hata kupigiwa kura: mama wa pale mwembeni.

Kwa ambao hamumjui, ni mama lishe wetu. Ana banda la mabati chini ya mwembe, nje kidogo ya uzio, mabenchi manne na meza mbili zenye vitambaa vya plastiki. Saa kumi alfajiri ameshawasha moto. Saa moja unapata chai na chapati, mchana wali maharage, ugali na dagaa, mchicha wa nazi, na siku ya bahati samaki. Bei anayojua mwanafunzi. Lakini sifa yake kubwa haiko kwenye sufuria. Ukikwama anakuandikia. Bumu halijaingia, nyumbani umepiga simu wakakwambia vumilia mwanetu, umeshapiga pasi ndefu siku ya pili kichwa kinauma, unakwenda pale unamwambia "Mama leo sina", anachukua daftari, anaandika, anakupakulia. Hakupunguzii maharage kwa sababu unakula kwa mkopo. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikula pale wiki tatu kwa maandishi, na siku hela ilipoingia nikaenda kumlipa kabla sijanunua hata vocha. Alikata mstari kwenye jina langu akaniuliza, "Leo unakula nini?" Basi.

Kwa hiyo kamati ilikaa, ikapanga. Ngao ya kioo yenye jina lake, cheti cha kuweka kwenye fremu, doti moja ya kanga, na mpiga picha. Jumla laki tatu na nusu. Mimi na dada mmoja wa darasani tukatumwa twende tukamweleze, tumuombe siku ile afunge banda mapema ili apande jukwaani.

Tulimkuta anachambua mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mmekula?" Tukamweleza. Alicheka sana, akashukuru, akasema Mungu awabariki. Halafu akanyamaza kidogo, akanawa mikono, akaingia ndani ya banda akatoka na kaunta buku lake. Sijawahi kuliona lote, huwa unaona ukurasa wako tu. Akalifungua mbele yetu, akasema, hivi ndivyo ninavyokumbuka maneno yake:

"Mimi wanangu sitoi sadaka. Mimi nafanya biashara. Namkopesha mtu kwa sababu najua ni mtu mzima, atalipa. Ningekuwa nampa bure, kesho yake angeona aibu kurudi. Sasa nyie mnataka kuniita mbele za watu mseme nina huruma. Sawa. Lakini angalieni hapa."

Tukaangalia. Kurasa kwa kurasa. Majina ya utani mengi, namba za vyumba, "wali 2, chai 1, chapati 3". Kuna madeni ya mwaka 2021, ya watu ambao wameshahitimu na sasa hivi wana kazi. Kuna mstari mmoja umekatwa kwa kalamu nyekundu, nikamuuliza kama huyo alilipa. Akasema hapana, huyo alifariki, amemfutia. Tukajumlisha kwa simu: laki sita na elfu arobaini na kitu. Na zaidi ya nusu ni ya hawa hawa wa mwaka wa tatu, yaani sisi tunaotaka kumpa ngao!

Kusema kweli njiani hatukuongea. Tulitembea tu.

Usiku ule nilishindwa kupiga msuli. Nikaanza kufikiria watu waliowahi kutunukiwa kwa wema wao, nikajiuliza: wao walipewa nini hasa? Na kilichotolewa kiliwasaidia vipi?

Wa kwanza kunijia alikuwa Majaliwa Jackson, yule kijana mvuvi wa Bukoba. Mnakumbuka Jumapili ile, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar ikaanguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Ilikuwa na watu 43. Wakafa 19, wakapona 24. Waliowahi kufika pale ni wavuvi na mitumbwi yao. Majaliwa alisema alitumia kasia kufungua mlango, na alipojaribu kuwasaidia marubani akaumia, akaja kuzinduka hospitali. Kesho yake, uwanja wa Kaitaba, watu wakiwa wanaaga miili, akapewa shilingi milioni 1 na ikatangazwa kuwa Rais Samia ameagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mimi naona hapo kuna mambo mawili. Moja ni zuri mno: hakupewa makofi tu, alipewa kazi inayofanana na kile alichokifanya. La pili linafikirisha. Baadaye ukazuka ubishi, nani hasa alifungua mlango, yeye au mtu wa ndani ya ndege. Kijana wa watu akageuka mada ya vijiweni. Na wale wavuvi wengine waliovuta kamba na kubeba watu siku ile, ni wangapi kati yetu tunaoweza kutaja hata mmoja? Tukimtafuta shujaa mmoja wa kupiga naye picha, tunamtwisha mzigo yeye na tunawasahau wenzake.

Halafu nikamkumbuka Peter Tabichi wa Kenya, yule mtawa wa Kifransisko aliyekuwa anafundisha hisabati na fizikia shule ya Keriko, kule Pwani kaunti ya Nakuru. (Ni kijiji cha huko bara, sio pwani yetu hii ya bahari!) Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia kule Dubai, dola milioni 1. Sifa iliyozunguka sana ni kwamba alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi maskini. Na Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alipewa tuzo ya wauguzi Mei 2022, dola 250,000. Huyu alikuwa ameshaanzisha shule kijijini kwao Torbi na anapigana na ukeketaji na ndoa za utotoni. Hao wote wawili walikuwa wanatoa mfukoni mwao. Tuzo iliyokuja na fedha ilikuwa ni kama mtu ameona lile tundu mfukoni akasema, ngoja tuzibe ili uendelee.

Na kuna hawa ambao hawapandi jukwaani kabisa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mnawajua, yule dada au kaka wa mtaani anayepita nyumba kwa nyumba, anauliza mtoto amepata chanjo, mjamzito ameenda kliniki, mgonjwa wa TB anameza dawa. Miaka mingi wengi wao wamefanya kazi hiyo kwa kujitolea, wakiambiwa asante na kupewa fulana. Januari 2024 serikali yetu ikazindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wapewe mafunzo na posho. Mimi naona huo mpango ukitimia hata nusu yake itakuwa heshima kubwa kuliko fulana zote walizowahi kugawiwa. Mtu anayehudumia jamii naye ana watoto wanaotaka daftari.

Ndiyo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua. Wema wa mtu una gharama, na mara nyingi gharama hiyo kalipa peke yake. Ukitaka kumheshimu, anza hapo. Muulize wema wake umemgharimu nini, urudishe unachoweza. Ngao ifuate baadaye. Wazee walishasema dawa ya deni kulipa, hawakusema dawa ya deni ngao.

Basi kikao kilichofuata nikayasema haya. Wee, kulichafuka! Jamaa mmoja akasema deni ni siri ya mtu na mama, kamati haiwezi kugeuka Bodi ya Mikopo. Watu wakacheka, lakini hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu kumuaibisha mtu aliyekula kwa shida nako si wema. Mwingine akasema tuchange tu wote tumlipe mama deni zima, yaishe. CR wetu akakataa, akasema mama mwenyewe kasema anatuamini kama watu wazima, tukimlipia kila mtu tutakuwa tumethibitisha kwamba alikosea kutuamini. Hapo nikampa heko. Dada tuliyekwenda naye akamalizia kwa sentensi moja: "Hatuwezi kumkabidhi cheti kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika hela yake."

Tukakubaliana hivi. Daftari libaki kwa mama, hakuna jina litakalotajwa popote. Tutatuma ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa yote na ya waliohitimu: kama uliwahi kula mwembeni na hukumaliza, unajijua, namba ya mama ni ile ile, mtumie mwenyewe. Ngao ya kioo ikafutwa. Kanga ikabaki. Hela iliyookolewa itanunua turubai jipya, maana banda linavuja upande wa jiko na masika yakija anapikia ndani ya maji.

Hadi jana Ijumaa jioni mama alikuwa ameshalipwa laki mbili na themanini. Kuna kaka aliyehitimu miaka miwili iliyopita, yuko Songea, kapiga simu akamuuliza wali maharage sasa hivi ni bei gani, halafu akalipa deni lake kwa bei ya leo. Mama kalisimulia hilo siku nzima kwa kila aliyekaa kwenye benchi. Wengine bado kimya. Sitaki kuwasema. Huenda mtu yuko kwenye hali ambayo hata nauli ya kwenda kwenye usaili hana, na mama mwenyewe anasema hivyo hivyo: "Atakuja."

Kitu cha mwisho ni maneno ya cheti. Rasimu yetu ilikuwa ndefu, imejaa "moyo wa huruma" na "mama wa wanafunzi wasiojiweza". Tulimsomea. Akasema hilo la wasiojiweza litoke, kwa sababu waliokula pale wamejiweza, wengine ni mahakimu sasa. Kwa hiyo cheti kitasomeka: Kwa kuwapikia wanafunzi na kuwaamini, tangu mwaka 2013. Fupi, lakini kila neno lake ni kweli, na hakuna atakayesimama kesho kulibishia.

Nawaachia swali wadau. Huko mliko, mtaani, kijijini, chuo kingine, ni nani ambaye wema wake mnautumia kila siku? Fundi anayeunga bomba la mtaa bila kudai, bibi anayekaa na watoto wa jirani, kijana wa bodaboda anayewahisha wajawazito usiku? Kabla hamjamuandalia hafla, kaeni naye muulize anadai nini na anakosa nini. Halafu mniandikie mlichojibiwa, nitafurahi kusoma.

Na wewe uliyehitimu, uliyekuwa unakaa benchi la mwisho karibu na mtungi wa maji, unayesoma hapa ukitabasamu: namba ya mama haijabadilika.

Ngoja nikimbie, kuna lekcha saa nane na huyu bwana akishaingia anafunga mlango. Mbarikiwe.