Hiyo Huruma Inalipwa na Nani?



Kuna ombi ambalo karibu kila mchungaji hapa kwetu ameletewa. Kama wewe ni shemasi, mama wa kanisa au mzee wa kijiji, nawe utaletewa siku moja. Mtoto amenajisiwa. Aliyemtendea anajulikana: ni mjomba, ni jirani, wakati mwingine ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Familia mbili zimeketi na kuelewana. Kuna ng'ombe wametajwa, kuna pesa za hospitali, kuna karatasi imewekwa sahihi. Kinachobaki ni mtu wa Mungu aje aombe, ili jambo lifungwe "kwa amani".

Mimi niliombwa hivyo majuzi. (Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mtoto asitambulike.) Baba ya kijana alikuja nyumbani jioni, akakaribishwa, chai ikamiminwa. Hakuja na vitisho. Alikuja na machozi. "Pasta, huyu ni kitinda mimba wangu. Ana mke na watoto wawili wadogo. Akifungwa watakula nini? Wewe ndiye unatufundisha msamaha kila Jumapili. Tuonee huruma."

Na kwa vile tunaongea ukweli, huyo mzee ndiye aliyetununulia mabati ya kanisa. Hakuyataja hata mara moja. Hakuhitaji.

Mpendwa, usikimbilie kusema wewe ungekataa mara moja. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na wale watoto wawili wako kweli, nawajua kwa majina. Shetani hawezi kumnasa mchungaji kwa kumwambia, "Njoo tufiche uovu." Anajua atafukuzwa. Anamwambia, "Mwonee mwenzako huruma," na mchungaji anatafuta viatu.

Fungua 2 Samweli 13 usome polepole. Amnoni anajifanya mgonjwa, Tamari anatumwa na baba yake mwenyewe kwenda kumpikia, na unajua kilichofuata. Daudi akapata habari, na Neno linasema alikasirika sana. Sasa tafuta ni nini alichofanya baada ya hasira hiyo. Mimi nimetafuta, hakuna. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba tafsiri ya kale ya Kiyunani ina maneno ya ziada hapo: kwamba mfalme hakutaka kumhuzunisha Amnoni, kwa kuwa alimpenda, naye alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Kumbe ilikuwa huruma! Huruma ya baba kwa mwana. Lakini Tamari ndiye aliyeilipia, akiwa amerarua vazi lake, na majivu kichwani, akakaa mpweke katika nyumba ya nduguye Absalomu. Naye Absalomu alinyamaza miaka miwili mizima, kisha akamuua Amnoni wakati wa kukata manyoya ya kondoo. Jambo "lililoisha nyumbani" halikuwa limeisha.

Sasa linganisha na Msamaria wa Luka 10. Yeye alimwonea huruma mtu aliyepigwa, akamfunga majeraha kwa mafuta na divai yake, akampandisha juu ya mnyama wake, akatoa dinari mbili za mfukoni mwake, na akaahidi kulipa kingine kitakachozidi. Kila kitu kilitoka kwake. Hapo ndipo ninapopimia siku hizi. Nikiombwa huruma, nauliza: italipwa na nani? Ikiwa mimi ndiye nitakayetoa muda wangu, pesa zangu, jina langu, basi na itoke. Ikiwa atakayelipa ni mtoto ambaye hata hakuitwa kwenye kikao, mimi nina haki gani ya kuwa mkarimu kwa mali yake?

Ndivyo Paulo alivyofanya na Onesimo. Hakumficha. Alimrudisha kwa Filemoni, na kama kulikuwa na deni akasema liandikwe kwa jina lake Paulo. Hakumwambia Filemoni asahau.

Kwa hiyo nilimjibu yule mzee hivi. Katika kikao chenu siketi. Lakini kituoni tutakwenda pamoja, nami nitakaa kando yako kwenye benchi. Mwanao akiwa rumande nitakwenda kumwona, nitamwombea, na nitamwambia atubu na aseme ukweli. Unga wa mkewe na watoto kanisa litachanga, na mimi nitaanza. Akaniangalia kwa muda, akashika kofia yake. Chai aliiacha. Jumapili hakuonekana.

Wengine wataniambia, "Pasta, wenyewe wameshakubaliana." Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumpa mzazi mamlaka ya kuifuta kesi kama hii, wala mchungaji. Uamuzi wa kuendelea au kuacha uko kwa mashtaka ya umma, kwa sababu serikali iliona kile ambacho kanisa lingepaswa kuona kwanza: mzazi anaweza kuuza kilio cha mtoto wake kwa sababu ya njaa au aibu.

Lakini pia nisisikike vibaya. Kuna wanaofurahi wakiona pingu, wakadhani hiyo ndiyo haki. Na kuna ugumu wa moyo tunaouita utakatifu. Msichana akipata mimba tunamtoa kwaya mbele ya watu wote, na kijana aliyehusika anaendelea kupiga kinanda wiki hiyo hiyo. Tuna huruma nyingi sana, ila tunajua pa kuipeleka! Mara nyingi huenda kwa mwenye sauti, mwenye jina, mwenye mabati.

Basi likitokea kwako, mpeleke mtoto hospitali kwanza, kabla ya kikao chochote. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, kwa hiyo siku tatu za "tungojee wazee" zinaweza kuharibu maisha. Usimwoshe, usifue nguo zake, ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Piga ripoti kituoni, upate nambari ya OB na fomu ya P3. Nambari ya simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Yule kijana sasa yuko rumande. Alhamisi nitakwenda kumwona, na Jumamosi tutakuwa kwa mtoto na mamake, sisi na akina mama wawili wa kanisa. Mzee bado hajashika simu yangu. Niombeeni.