Nani Atabaki Chini?

Jumapili ile tulikuwa Leipzig, Ujerumani, wachungaji wanne wa dayosisi moja. Asubuhi tulikuwa tumeabudu na usharika rafiki, na Jumatatu alfajiri tulipaswa kupanda treni. Ilibaki nafasi ya mchana mmoja tu wa kutembea. Mwenyeji wetu akauliza: twende jumba la makumbusho ya sanaa lililo katikati ya mji, au mnara wa kumbukumbu ya vita ulio pembeni? Muda wa kwenda kote haukuwepo.

Watatu tulitaka mnara. Una urefu wa mita 91, na picha zake zingependeza nyumbani. Mwenzetu wa nne, mzee aliyekaribia kustaafu, alitaka makumbusho. Alikuwa amesoma kwamba humo mna mchoro wa Kristo msalabani uliochorwa na Max Klinger, mzaliwa wa mji ule. Akasema, "Vijana, magoti yangu hayawezi tena ngazi." Tukapiga kura, kama tulivyozoea vikaoni. Watatu tukamshinda mmoja, tena kwa utani, naye akacheka pamoja nasi.

Mnara ule ulizinduliwa mwaka 1913, miaka 100 baada ya vita ambavyo Napoleon alishindwa mwezi Oktoba 1813. Inakadiriwa kuwa watu wapatao laki moja waliuawa au kujeruhiwa kwa siku chache. Tulipanda hadi juu tukihema, tukapiga picha, tukasahau saa. Mzee alibaki chini kwenye upepo.

Tuliposhuka tulimkuta mbele ya sanamu ya malaika mkuu Mikaeli. Juu yake yamechongwa maneno matatu ya Kijerumani, Gott mit uns, naye kwa Kijerumani chake kidogo alikuwa ameyaelewa: Mungu pamoja nasi. Akatuuliza kwa upole, "Na wale wa upande wa pili, walikuwa na nani?"

Tulinyamaza. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba hata Wajerumani wenyewe walipigana pande zote mbili. Nasi tukakumbuka nyumbani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakawaletea babu zetu jina la Imanueli, ambalo maana yake ni hiyo hiyo, Mungu pamoja nasi. Mwaka 1900 watawala wa Kijerumani wakamnyonga Mangi Meli kule Moshi. Injili tuliipokea, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kilio cha waliofiwa nacho kilikuwa pale pale.

Jioni mwenyeji wetu alitoa kabatini kitabu cha picha, akakifungua mbele ya mzee. Ulikuwa ni ule mchoro wa Klinger. Msalaba wake ni mfupi. Miguu ya Kristo iko karibu na ardhi, na uso wake unatazamana na nyuso za waliosimama. Mzee aliutazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kule Heidelberg, mwaka 1518, Luther alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba. Tulilisoma somo hilo chuoni, tukalifanyia mtihani, tukafaulu. Mchana ule tulikuwa tumemtafuta Mungu juu ya mawe, na tukamwacha ndugu yetu peke yake chini, mahali ambapo Kristo husimama.

Usiku ule tulimwomba mzee msamaha. Akasema, "Nilishawasamehe kabla hamjashuka. Ila mwakani mkiwa kwenye vikao, na mimi sipo, kumbukeni."

Tunajaribu kukumbuka. Baraza la wazee linapokuja na mipango ya jengo, mnara au sherehe, na mikono inapoanza kuinuliwa, mmoja wetu huuliza kwanza: tukipanda huko, nani atabaki chini?