Aliniita mjomba, akala mshahara wa miezi minne

Msomaji wangu, kuna neno moja ambalo nikilisikia kazini siku hizi masikio yananisimama kama ya sungura. Neno lenyewe ni "ndugu". Usinielewe vibaya. Hapa Mchukwi, jirani na Kibiti, undugu ndiyo benki yetu. Msiba ni undugu, harusi ni undugu, hata kibarua cha kupalilia mikorosho unakipata kwa undugu. Lakini bosi akikwambia "sisi ndugu, mkataba wa nini?", mwenzangu, nenda ukanunue daftari.

Yalinikuta mwaka 2019. Kazi ilikuwa ya kutunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo na misumari. Mwenye duka simtaji, maana watoto wake wananisalimia hadi leo. Aliyenipeleka ni mjomba wangu, kaka yake mama, rafiki wa siku nyingi wa huyo mzee. Basi na mzee naye akanibandika jina hilo hilo. Mjomba lete hiki, mjomba hesabu kile.

Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Shilingi 180,000 kwa mwezi, kuingia saa moja na nusu asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni, Jumapili mapumziko. Wiki ya pili nikajikakamua.

"Mzee, na ule mkataba?"

Akacheka, akanipiga bega. "Mjomba, mikataba wanaandikiana watu wasioaminiana. Wewe kwangu mtoto wa nyumbani."

Nikaona aibu kwa kuuliza. Nikarudi stoo kuhesabu misumari nikijiona mjinga, kumbe ile dakika moja ndiyo niliyokuwa na akili.

Kuanzia Januari hadi Mei sina la kumlaumu. Mshahara uliingia kwenye simu, na mlio wake mama watoto aliujua kuliko mimi. Juni kukawa kimya. "Mjomba, msimu wa korosho bado, watu hawana hela, vumilia." Julai wateja wamekopa. Agosti mzigo wa saruji umemaliza mtaji. Septemba hakusema kitu, akiniona tu anaweka simu sikioni. Simu yenyewe haijaita!

Nyumbani mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa na cherehani ya miguu, zawadi ya marehemu mama yake. Mwezi huo wa Agosti akaiweka rehani kwa jirani kwa shilingi 80,000 ili tule na aende kliniki. Hakulia wala hakunisema. Alifagia pale palipokuwa na cherehani, akaweka ndoo ya maji. Nakwambia, angenisema ingekuwa nafuu. Kila nikichota maji naiona ile nafasi.

Mwanzoni mwa Oktoba nikamfuata mzee kwa adabu zote. Shikamoo nilitoa mara mbili. Nikamwomba changu: miezi minne, jumla shilingi 720,000.

"Pesa gani?" akasema. "Mifuko 14 ya saruji imeganda stoo, umeilipa? Na kwani wewe nilikuajiri lini? Kama nilikuajiri, nionyeshe karatasi."

Lo! Mtoto wa nyumbani leo anadaiwa karatasi. Na hiyo saruji iliganda kwa sababu bati lilikuwa linavuja, jambo nililomweleza tangu mvua za Machi.

Nikaenda kwa mjomba wangu halisi nikidhani atanisaidia. Wapi! Akawa mkali. "Unataka kunivunjia urafiki wa miaka 20 kwa vijisenti? Mwachie Mungu, Mungu atamlipa."

"Sawa mjomba," nikamjibu, "yeye atalipwa na Mungu. Mimi je, nitalipwa na nani?" Akaniambia sina adabu. Tukaachana hivyo.

Aliyenifungua macho ni babu mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki kule Dar es Salaam enzi za JUWATA, chama cha wafanyakazi cha wakati ule. Nilimkuta barazani anamenya mihogo.

"Mjukuu wangu," akasema, "sisi ukionewa ulikuwa unapiga hodi tawini, palepale kiwandani. Siku hizi mlango uko mbali, lakini upo. Nenda Tume. Na usikawie, maana siku zinahesabiwa."

Tume yenyewe ni ile ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa na sheria za kazi za mwaka 2004. Sisi mkoa wetu ni Pwani na makao makuu ni Kibaha. Kwa hiyo mtu wa Mchukwi anapanda basi Kibiti, anashuka Mbagala, anakatiza jiji zima la Dar hadi Mbezi, ndipo aende Kibaha. Nauli nilikopa. Lakini fomu ya kufungulia lalamiko, ile namba moja, sikulipia hata senti tano.

Pale ndipo nilipojua kwamba usiku wote niliokosa usingizi nilikuwa naogopa kitu kisichokuwepo. Nilidhani bila karatasi sina kesi. Kumbe sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mambo yakifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Karatasi ile niliyoambiwa niilete, ni yeye aliyetakiwa aniandikie!

Sheria nyingine ya mwaka huohuo, ya Taasisi za Kazi, inasema ukimfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, unahesabiwa mfanyakazi wake mpaka ithibitike vinginevyo. Mimi saa 45 nilikuwa nazimaliza kabla wiki haijaisha. Na kukata mshahara kwa ajili ya hasara hakufanywi hivi hivi tu. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, na upewe nafasi ya kujieleza.

Na zile siku za babu? Kwa kanuni za mwaka 2007, anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30. Madai mengine, kama haya yangu ya mshahara, ni siku 60. Ningeendelea kuvumilia hadi mtoto azaliwe, ningekuta mlango umefungwa.

Nakala ya fomu nilimpelekea mzee mwenyewe dukani. Alisoma, akasaini kwamba amepokea, akanirudishia kalamu bila kunitazama.

Siku ya usuluhishi alikuja na kofia yake ya kiua na mkoba. Msuluhishi akauliza mkataba uko wapi.

"Huyu hana mkataba," akasema kwa kujiamini.

"Nakuuliza wewe, mzee. Mwajiri ni wewe."

Kimya. Ndipo nikatoa kaunta buku langu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa naandika kila mzigo ulioingia, tarehe, idadi na nani kaushusha, si kwa ujanja, ni woga wangu tu wa kusingiziwa wizi. Nikatoa na simu, ujumbe wa malipo ya miezi mitano ukiwa na jina lake. Mzee akavua kofia.

Tulikubaliana shilingi 600,000 kwa mafungu mawili, tukasaini. Utauliza, mbona nilisamehe 120,000? Ningeweza kukataa shauri liende kwenye uamuzi. Lakini mke alikuwa anakaribia kujifungua, na kila safari ya Kibaha ni deni jipya. Sikujivunia, na sijutii.

Fungu la kwanza lilipoingia, nilikwenda kwa jirani kabla sijafika nyumbani. Cherehani niliibeba mwenyewe begani, meza na kila kitu, watu wananishangaa. Mke wangu akaondoa ndoo. Hakusema neno. Siku hiyo akashona hadi usiku.

Mjomba wangu hakuja kumtazama mtoto. Alikuja siku ya arobaini na nazi sita, akakaa, akala, akazungumzia mvua. Wakati wa kuondoka akanivuta pembeni. "Ile fomu," akanong'ona, "inapatikanaje? Binamu yako kaajiriwa Ikwiriri, anazungushwa."

Basi, msomaji, kama umeajiriwa leo na mtu anayekuita ndugu, muitikie vizuri, undugu haukatazwi. Ila omba maandishi wiki ya kwanza, aibu ikiwa bado ndogo. Ukinyimwa, andika mwenyewe kila siku uliyofanya kazi, na usifute ujumbe wa malipo.

Duka lile lipo. Nikipita namwamkia mzee, shikamoo. Ananiitikia marahaba. Neno mjomba haliongezi tena.