Gharama ya Picha

Picha hudhaniwa kuwa ni kitu cha bure. Mtu hugusa kioo cha simu, na rangi elfu humjia mbele ya macho upesi kuliko kope kufumba. Hakuna aulizaye ni nani aliyelipa. Lakini picha ina gharama, na gharama hiyo hulipwa daima. Tajiri haioni ikimtoka, maskini huiona. Kwa sababu hiyo, msomaji, nataka kukueleza habari za kompyuta moja maskini, maana hesabu ya maskini husomeka vizuri kuliko ya tajiri.

Kompyuta hiyo iliitwa ZX81. Ilitolewa mwaka wa 1981 na kampuni ya Sinclair Research ya mji wa Cambridge, Uingereza, iliyoongozwa na Clive Sinclair. Wakati ule watu wengi waliijua kompyuta kuwa ni chombo cha ofisi kubwa na vyuo vikuu. ZX81 iliuzwa kwa pauni 69.95, na aliyekubali kuiunganisha kwa mikono yake mwenyewe aliipata kwa pauni 49.95. Haikuwa na kioo chake. Ilitumia televisheni ya nyumbani, ikaandika kwa weusi na weupe. Kazi ilihifadhiwa katika kaseti za kawaida za muziki. Hata hivyo, ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Umaskini wake wa kwanza ulikuwa katika kumbukumbu. Kumbukumbu ya kompyuta ni mahali pa kuweka kazi inayofanywa, na kipimo chake ni baiti. Baiti moja yatosha kuweka herufi moja. ZX81 ilikuwa na baiti 1,024 basi. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Mashine ilijitwalia baiti 125 kwa shughuli zake za ndani; zikabaki 899. Kioo kilikuwa na mistari 24, na kila mstari nafasi 32 za herufi. Pamoja na alama ya kumaliza kila mstari na moja ya kuanzia, kioo kilichojaa kilikula baiti 793. Toa 793 katika 899. Zimebaki 106. Humo ndimo programu ilimopaswa kukaa pamoja na hesabu zake zote. Sentensi hii unayoisoma hivi sasa, kwa herufi zake na nafasi zilizo katikati ya maneno yake, isingepata mahali pa kukaa humo.

Basi picha na fikira zilikula sahani moja. Kila herufi iliyoonekana kiooni ilikuwa tonge lililotoka kinywani mwa programu. Waundaji walilijua jambo hili, wakabuni hila njema. Kumbukumbu ilipokuwa ndogo, kioo kitupu kilipewa baiti 25 tu, na kila mstari uliongezewa nafasi kadiri ulivyoandikwa. Aliyeandika kushoto alitumia kidogo. Aliyeandika neno moja ukingoni mwa kulia alilipia mstari mzima. Ni nani leo akumbukaye kwamba hata nafasi tupu iliyotangulia neno ina bei?

Umaskini wa pili ulikuwa katika prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu. Katika ZX81 prosesa ndiyo iliyohesabu, na ndiyo iliyoshughulika kupeleka picha kwenye televisheni, tena mara 50 kwa kila sekunde. Mshika mbili moja humponyoka. Kwa hiyo mtumiaji alipewa hiari ya njia mbili, polepole na upesi. Katika njia ya polepole picha ilidumu, na prosesa ikahesabu katika mabaki ya wakati. Katika njia ya upesi hesabu ilikwenda mara nne hivi ya mwendo ule, lakini kioo kilikuwa kitupu mpaka hesabu ikome. Na michoro yenyewe ilikuwa ya vipande vikubwa: kila nafasi ya herufi iligawanywa robo nne, na mchoraji akapata madoa 64 kwa upana na 44 kwa urefu.

Hapo ndipo watu walipotafuta nyongeza. Palikuwa na kisanduku kilichochomekwa nyuma ya mashine, chenye kumbukumbu ya baiti 16,384, yaani mara kumi na sita ya ile ya kwanza. Kwa kisanduku hicho kioo kizima kiliweza kujazwa bila programu kufa njaa. Malcolm Evans alikitumia kutunga mchezo uitwao 3D Monster Maze, uliotoka mwaka wa 1982. Mchezaji hupita katika vichochoro huku akiwindwa na dinosau, naye huonekana akikua kadiri anavyokaribia. Yote hayo kwa vipande vile vile vya weusi na weupe. Lakini kisanduku kilikuwa na ila. Kilishikwa kwa mchomeko tu, na kikitikisika mguso ulikatika, kazi ya saa nyingi ikapotea mara moja. Tena hakikuongeza mwendo. Prosesa ilibaki ile ile, na kazi zake mbili zile zile. Aliyepanuliwa sahani hakuongezewa mkono.

Kwa upande mwingine, David Horne aliandika programu ya kucheza sataranji katika mashine isiyo na nyongeza yoyote. Programu hiyo ilikuwa na baiti 672. Ilijua mwendo wa kila kete, ikachagua majibu yake. Iliacha kanuni chache tu, kama ile ya mfalme na ngome kuhama pamoja.

Mimi ni mwalimu, na katika madarasa niliyofundisha wanafunzi watatu au wanne hugawana kompyuta moja. Nimesikia maneno ya namna mbili juu ya hali hiyo. Vijana husema, "Mwalimu, tusubiri mashine mpya ndipo tujifunze." Baadhi ya wazee husema, "Sisi tulisoma chini ya mti tukafika. Uchache ni mwalimu mzuri." Vijana nawaonyesha kazi ya Horne, wazee nawaonyesha kazi ya Evans. Horne hakungoja. Lakini dinosau wa Evans asingezaliwa katika baiti 1,024, hata mtungaji angekuwa hodari namna gani. Kumsifia mtoto njaa ni ukatili uliovaa joho la hekima. Na kumpa ghala mtu asiyejua kupima kibaba ni hasara.

Kwa hiyo nakusihi, msomaji, ufanye mambo mawili kwa pamoja. Idai nyongeza unayoistahili, kwa adabu na bila kuchoka, maana kuna kazi zisizowezekana bila hiyo. Na wakati unaidai, ijue mashine iliyo mbele yako leo, hata ikiwa kuukuu: ina kumbukumbu kiasi gani, ni nini kinachoila, ni picha gani waweza kuiacha ili fikira ipate mahali. Haba na haba hujaza kibaba. Anayejua kibaba chake kinachukua haba ngapi hatashindwa siku atakapopewa pishi.