Wana wa Kasa na Mwanga wa Uongo

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii haimgusi mwana wa kasa, kwani yeye halelewi na yeyote. Mamaye hupanda ufuoni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia kwa makini kisha hurejea baharini. Hamngoji mwanawe, wala hatamtambua wakikutana.

Yai huachiwa mchanga. Joto la mchanga huo ndilo liamualo jinsia: ukipoa, madume huwa wengi, ukizidi takriban nyuzi 29, majike huwa wengi. Baada ya miezi miwili hivi, kiumbe asiyejaza kiganja hulipasua gamba la yai kwa kijino kilicho ncha ya pua yake. Hapandi juu peke yake. Ndugu husukumana, mchanga ukiwadondokea chini na kuwainua kidogo kidogo, hadi wachomoze pamoja, aghalabu usiku, wakati ambapo jua haliwezi kuwachoma.

Hapo ndipo mtihani huanza. Hakuna wa kuwaonyesha njia ila mwanga. Tangu azali, upeo wa bahari umekuwa mng'avu kuliko vichaka vya nchi kavu. Basi wao huufuata mng'ao huo, wakafika majini. Kaa na ndege huwavizia njiani, samaki huwangoja mawimbini. Hukadiriwa kuwa mmoja tu kati ya 1,000 ndiye huishi hadi akapevuka.

La kusikitisha ni kwamba binadamu amewaongezea adui asiye na meno. Katika fuo kama za Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilitengwa mwaka wa 1968, kasa hutaga jirani na hoteli na makazi ya watu. Taa iliyoachwa ikiwaka kwenye ua unaoelekea bahari yatosha kuwapoteza. Huipa bahari kisogo, wakatambaa kuelekea bustanini, na jua la asubuhi huwakausha huko. Hawakukosea, walitii silika. Aliyekosea ni mwenye taa.

Naam, vyote ving'aavyo si dhahabu. Lakini nani atamfunza hayo asiye na mlezi? Dawa yenyewe haihitaji fedha wala kongamano: ni kuzima taa, au kuifunika isimulike ufuo. Jike atakayefika majini usiku huo huenda, baada ya miaka 20 au zaidi, akarejea kutaga katika pwani alikozaliwa. Ufuo utakaompokea siku hiyo hutayarishwa sasa na yule azimaye taa yake.