Ufunguo wa Yaya

Mashine ya gemu ya yaya wangu iliacha kusoma diski wiki tatu kabla ya siku ya mwisho ya kulipa ada ya mtihani wangu wa kidato cha nne. (Kwetu Bukavu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto. Wenzangu darasani walinicheka sana kwa hilo.) Ilikuwa Xbox 360, mtumba, na ndiyo iliyotulisha. Katika kibanda chetu Dzaleka vijana walilipa kwacha 50 kwa mechi moja ya mpira, na foleni haikuisha mpaka usiku.

Vumbi la Dowa lilikuwa limeiua lenzi. Yaya akaomba kibali cha kutoka kambini, akapanda minibasi hadi Lilongwe, akarudi jioni na kiendeshi cha diski alichokipata Old Town, kimetolewa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kilikuwa cha aina ileile, Samsung. Tukakifunga, tukatia diski yetu ya mpira, ambayo ilikuwa halisi kabisa. Maandishi yakatokea kwenye skrini yakituambia kwamba diski hii ichezwe kwenye Xbox 360. Yaya akatazama jina lililoandikwa juu ya mashine, kisha akanitazama.

"Mdogo wangu, na hii ni nini?"

Aliyetujibu ni jirani yetu Mrundi, fundi wa simu. "Hawa wamefunga ndoa," alisema, akigusa kiendeshi na ubao wa ndani. Kila mashine ilitoka kiwandani na ufunguo wake wa siri wa baiti 16, umehifadhiwa pande zote mbili. Usipofanana, ubao hukikataa kiendeshi, hata kama diski haina kosa. Microsoft walikusudia kuzuia diski za kunakili, lakini hapo walituzuia na sisi tuliotaka tu kubadilisha kipuri.

Dawa ilikuwa kusoma programu dhibiti ya kiendeshi cha zamani, maana lenzi ilikufa lakini kumbukumbu yake ilikuwa hai, kuutoa ufunguo humo na kuuandika katika kile kipya. Fundi alileta kompyuta yake ya mezani. Kiendeshi kilipata umeme kutoka kwenye mashine yenyewe, waya wa data ukaenda kwenye kompyuta. Faili zima lilikuwa kilobaiti 256 tu, dogo kuliko picha moja ya simu.

Hatari ilikuwa katika kuandika. Kumbukumbu hufutwa kwanza, ndipo maandishi mapya huingia. Umeme ukikatika katikati, kiendeshi hubaki kitupu. Na umeme wetu tuliujua. Fundi alihifadhi ufunguo mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye flashi yangu, tukangoja hadi saa tano usiku majirani walipozima majiko yao. Sekunde zile sikupumua. Yaya alitoka nje kabisa.

Diski ikasoma. Lakini sitaki kusimulia nusu. Kabla hajaandika, fundi aliuliza: "Niweke ya kawaida, au ile iliyochezewa, inayokubali nakala?" Programu hizo zilianza kuzunguka duniani mwaka 2006, na mwaka 2009 Microsoft walizifungia mashine nyingi zilizokuwa nazo zisiingie kwenye mchezo wa mtandaoni. Sisi intaneti hatukuwa nayo. Yaya alisema iliyochezewa, nami sikupinga. Ada yangu ililipwa siku moja kabla ya mwisho, na sehemu kubwa ya pesa ile ilitokana na diski za kunakili. Kutengeneza kile tulichokinunua naona hata leo ilikuwa haki yetu. Hilo la pili siwezi kulitetea hivyo, ila sijawahi kulijutia vya kutosha.

Yaya alipoiuza mashine, nilimpa mnunuzi flashi yenye ufunguo, nikamsihi asiipoteze. Alishukuru sana. Alidhani ni gemu.